Makosa Tisa ya Bwana Tak

Jumatatu, 14 Oktoba. Mawingu. Upepo wa baharini unaingia mpaka jikoni.

Saa moja kasorobo jioni Tak Bong-gyu amepita tena mbele ya kibanda cha dada yangu na kundi lake la watalii. Hakusimama. Siku ya tatu hii. Bendera yake ya manjano juu, shingo kaigeuzia upande wa pili, kama mtu anayesoma tangazo kwenye ukuta usio na tangazo.

Watu kumi na wawili walikuwa nyuma yake. Dada Sun-im alikuwa ameshakanda unga wa kuwatosha. Umebaki. Tumekula hotteok chakula cha jioni, kwa siku ya tatu. Ni chapati tamu sana, sukari inachuruzika, mbegu za alizeti na maboga tele, lakini tumbo la mtu mwenye miaka hamsini na tisa lina mipaka yake.

Kisa chenyewe kidogo mno. Ijumaa iliyopita Tak alisimama pale na wageni wake, akawasimulia habari za supu ya mishikaki ya samaki, akisema marehemu mkewe ndiye aliyemfundisha kuipika, figili kwanza, halafu dagaa wakavu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda, ninapokaa tangu duka langu la miavuli lifungwe. Nikasahihisha. Nilisema marehemu hakupika supu hiyo hata siku moja, alikuwa akiinunua kwa jirani yetu Bi Maeng. Na ni kweli! Soko zima lilimwona akinunua. Mtu akisema kweli anakosea wapi?

Dada anataka niende nikamwombe Tak radhi. Aliyasema hayo huku akisugua bamba la kukaangia ambalo lilikuwa limeshatakata zamani. Nikamwambia aniachie mimi, nitalimaliza. Akasema hivyo hivyo nilisema kuhusu duka la miavuli.

Halafu kuna jambo ambalo watu wanalisahau. Wazo la matembezi haya ya kula sokoni jioni lilikuwa langu. Nililitoa kwenye mazishi ya mama yake Bang, mwenzetu wa sokoni, mbele ya mashahidi. Tak alikuwa ameketi kando yangu, anatafuna, hasemi kitu. Leo yeye ana bendera. Mimi nina kigoda.

Jumanne, 15 Oktoba. Jua.

Nimepata njia!

Ijumaa alasiri kamati ya soko inakutana kuamua kama Tak apewe kitambulisho cha kiongozi rasmi wa wageni. Basi kesho nitakwenda kwenye matembezi yake nikijifanya mtalii. Kila atakapokosea, nitaandika. Ijumaa nitasimama na kuyasoma makosa yote. Kamati itashtuka. Wataanza kutafuta mtu mwingine anayelijua soko hili ndani nje. Macho yatazunguka chumba kizima, yatanifikia mimi, yatatulia.

Nimejiandikisha kwa simu. Jina: Ok. Mji: Gangneung. Nimechagua Gangneung kwa sababu ni mbali na Busan, na katika maisha yangu sijaonana na mtu aliyewahi kukaa huko. Simu aliipokea Tak mwenyewe. Nikabana pua. Akauliza kama kuna chakula nisichokula. Nikasema nakula chochote. Akaniambia pole kwa mafua.

Mavazi nayo tayari. Nguo za kupandia milima za marehemu shemeji, zambarau na kijani. Kofia pana. Barakoa. Na miwani ya shemeji ya kusomea, ambayo ni mikali ajabu. Nilisimama mbele ya kioo nijitazame, sikuona kitu. Hilo lenyewe ni dalili nzuri.

Nikafanya jaribio. Nilipita polepole mbele ya Bi Maeng, ambaye ana meza ya supu na utumbo wa kujazwa hatua kumi kutoka kwetu. Hakuinua kichwa. Alikuwa anakata utumbo. Aliniuliza tu, bila kuacha kukata, kama macho yananisumbua siku hizi. Nikaendelea na safari. Pengine huwauliza wateja wote.

Dada naye akauliza nguo za mumewe zinakwenda wapi. Nikajibu nazitoa zipate hewa.

Jumatano, 16 Oktoba.

Kidevu kinaniuma. Nitaandika hivyo hivyo, kwa mpangilio.

Tulikutana langoni saa kumi na mbili jioni. Kundi dogo. Walimu watatu wastaafu kutoka Gwangju, wote wanawake, mkubwa wao akiitwa Bi Ma, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyesahihisha mitihani miaka arobaini. Mume na mke wa Daejeon waliooana Jumapili, na wakati ule walikuwa wananuniana kwa sababu ya mwavuli waliousahau kwenye treni. Na mimi. Tak akatusalimu mmoja mmoja. Aliponifikia aliinama chini kabisa, akasema ni heshima kubwa kumpokea mgeni aliyetoka mbali kiasi hicho.

Nikatoa daftari.

Kosa la kwanza: alisema soko lina vichochoro vinne. Ni vitano, ukihesabu cha fundi viatu. Kosa la pili: alisema wauza mwani wanafungua saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na nusu! La tatu: alitamka vibaya jina la ukoo wa mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilikuwa naandika upesi sana. Kwa ile miwani sikuona ninachoandika, lakini mkono ulijua.

Kwenye sufuria ya tteokbokki Tak alimwambia mama muuzaji amjazie bakuli mgeni wa Gangneung, kwa kuwa watu wa huko wanasifika kwa kuvumilia pilipili. Sijui kama wanasifika. Ilibidi wawe wanasifika. Vile vijiti vya unga wa mchele vilikuwa vinaelea kwenye mchuzi mwekundu kama makaa, na kila nilipomaliza kimoja yule mama aliongeza viwili, huku akimwambia Tak kwamba mgeni huyu ana njaa kama ya Man-seop wa kwa Sun-im. Man-seop ni mimi. Nikacheka kigeni. Machozi yakajaa ndani ya miwani.

Jambo ambalo sikulipigia hesabu ni umaarufu wangu. Muuza mwani alinisalimia kwa jina. Fundi viatu akataka kujua nguo za shemeji yangu, marehemu Heo, nimezipata wapi. Bi Maeng alituhudumia utumbo, kisha akaniwekea mimi maini ya ziada bila kuulizwa, kama anavyofanya kila siku. Nikawaeleza walimu kwamba mimi nina sura ya kawaida sana, watu hunifananisha. Bi Ma akasema sura yenyewe haionekani.

Kisha Tak, kwa adabu zote, akaniomba niwaeleze wenzangu chakula cha kwetu Gangneung. Nikasema tunapenda ngisi. Nikasema pia viazi. Wakaendelea kunitazama, nikaongeza kwamba siku za sikukuu tunapika ngisi ndani ya kiazi. Bi Ma aliweka kijiti chake chini. Kumbe alikuwa amefundisha Gangneung miaka kumi na moja. Akauliza nakaa upande wa bahari au upande wa ziwa. Nikasema kwenye ziwa lenyewe. Akanitazama muda mrefu, akasema lazima unyevu unasumbua. Hakuuliza tena. Heri angeuliza.

Hata hivyo, tulipofika kona ya kibanda cha dada nilikuwa na makosa manane.

Tak alianza kugeuza shingo kama kawaida yake. Bi Ma akasimama. Alikuwa amesikia harufu ya siagi na sukari. Akasema yeye haondoki Busan bila kuonja ile. Tak akasita, bendera ikamshuka begani. Bi Ma, ambaye hawezi kuliacha jambo nusu, akamuuliza kama amegombana na mwenye kibanda.

Dada alikuwa pale pale, anageuza chapati, anasikia kila neno. Moshi wa bamba ukanifunika miwani. Nikaivua, nikashika kalamu. Niliona kosa la tisa linakuja, kubwa kuliko yote.

Tak akasema, "Mwenye kibanda hana kosa. Ndugu yake aliwaambia wageni wangu kwamba mke wangu hakuwahi kupika ile supu. Alisema kweli. Mikono ya mke wangu ilikuwa inatetemeka, hakuweza kushika kisu. Nilikuwa namleta hapa jioni, tunakaa kwa Bi Maeng, anaonja, ananiambia kilichomo. Figili. Dagaa. Nikirudi nyumbani najaribu, yeye anaonja tena, ananirudisha jikoni. Alinifundisha kwa ulimi wake. Na huyu mama hapa, mwaka mzima, alikuwa anamletea hotteok mezani na kumkatia vipande vidogo vidogo, kwa sababu nzima ilikuwa inamponyoka."

Wale maharusi wa Daejeon walishikana mikono. Mimi nilikuwa nimeandika yote, neno kwa neno, na sikujua niyaweke chini ya kosa gani.

Sikujua habari hizo. Sun-im hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa anakata vipande. Mwaka ule nilikuwa nashughulika na miavuli.

Dada akatupa kila mmoja hotteok kwenye kikombe cha karatasi, bila kumtazama mtu. Nikaona heri nile, mdomo upate kazi. Nikashusha barakoa kidogo na kuuma. Wenye akili huuma pembeni na kusubiri. Mimi niliuma katikati. Sukari iliyochemka ikamwagika kidevuni, ikaingia ndani ya barakoa, nami nikaita kwa sauti ambayo soko zima linaijua, "Dada! Maji!"

Dada akanipa maji. Akanivua kofia ya mumewe, akaikung'uta, akaiweka juu ya mtungi wa gesi. Walimu watatu wakanizunguka kunitazama. Bi Ma akasema alijua tangu kwenye ziwa. Tak akasema yeye alijua tangu kwenye simu.

Dada akasema, taratibu kabisa, "Haya. Uso sasa uko wazi. Mwambie Bong-gyu unachopaswa kumwambia."

Na nilitaka. Hili naliandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Maneno yalikuwa tayari, yamejipanga kooni. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Lakini supu ya Bi Maeng haina dagaa."

Tak akanitazama kidogo. Akainua bendera. Akaondoka na kundi lake, na Bi Ma alipopita mbele yangu alitikisa kichwa kama mtu anayerudisha karatasi ya mtihani kwa mwanafunzi ambaye hata jina lake hakuliandika.

Dada akazima gesi. Unga ulikuwa bado upo nusu.

Alhamisi, 17 Oktoba. Mvua.

Dada hasemi na mimi. Leo asubuhi kulikuwa na bakuli moja mezani, na lilikuwa lake. Kabichi ya kimchi imewekwa rafu ya juu kabisa ya jokofu, nyuma ya maharage ya kuchacha. Nilipokwenda kibandani nikakuta kigoda changu kimekaliwa na ndoo.

Nikamwambia ndoo inaweza kukaa chini. Akasema hata mimi naweza.

Nimeshinda chumbani kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, nikifikiri. Nilifikiri kidogo kuhusu mke wa Tak. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Aliwahi kununua kwangu mwavuli mwekundu, akaurudisha siku ya pili kwa kuwa unavuja, nami nikabishana naye nusu saa kwamba haukuvuja bali mvua ilikuwa ya upande. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaondoka nao.

Nikaona nikiendelea kufikiri hivyo sitafika mahali. Mpango ni mpango. Makosa manane bado ni makosa manane. Kesho nakwenda kwenye kamati.

Ijumaa, 18 Oktoba. Kumekucha vizuri.

Mkutano ulikuwa saa tisa alasiri, chumba cha juu, juu ya maduka ya mwani. Watu karibu thelathini, viatu vimejaa mlangoni. Mwenyekiti ni Bi Guk, mwanamke anayeuza samaki wakavu na anayeongoza mkutano kama anavyofukuza paka. Tak alikaa mbele, kavaa tai. Dada alikaa kando ya Bi Maeng. Mimi nilikaa nyuma, daftari ndani ya koti.

Bi Guk alipouliza kama kuna mwenye neno kuhusu Bwana Tak kabla ya kupiga kura, nikasimama. Chumba kizima kikashusha pumzi kwa pamoja. Dada akafumba macho. Nikasema ninalo, tena ninalo kwa maandishi.

Nikafungua ukurasa wa kwanza.

Haukusomeka. Kwa ile miwani nilikuwa nimeandika mstari juu ya mstari, kosa la kwanza limepanda juu ya la pili, la tatu limekwenda pembeni na kushuka ukingoni mwa karatasi kama tambi zilizomwagika. Nikafungua wa pili. Tambi. Wa tatu, tambi na tone kubwa jekundu la mchuzi. Watu wakaanza kukohoa. Bi Guk akasema nisome au nikae.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa safi kabisa, kila herufi mahali pake. Nikashukuru, nikaanza kusoma kwa sauti ya juu kabla sijaangalia ni nini.

"Mwenye kibanda hana kosa," nikasoma. "Ndugu yake aliwaambia wageni wangu kwamba mke wangu hakuwahi kupika ile supu."

Hapo nikajua ninasoma nini. Lakini mtu akishasimama mbele ya watu thelathini hawezi kukaa katikati ya sentensi. Nikaendelea. Mikono iliyotetemeka. Kisu. Ulimi. Kurudishwa jikoni. Nilipofika kwenye vipande vidogo vidogo nikalazimika kuanza sentensi ile upya mara mbili. Ni ile pilipili ya Jumatano. Pilipili ya aina ile hukaa siku nyingi.

Nikamaliza. Nikasikia jokofu la chini linanguruma.

Ndipo Bi Maeng akasimama, na glavu zake za mpira bado mkononi. Akasema, "Man-seop, supu yangu ina dagaa. Zamani haikuwa nao. Yeye ndiye aliyeonja akaniambia imepungukiwa, nitie dagaa. Mpaka leo natia."

Akakaa, akajifuta macho kwa glavu, akajipaka pilipili, akaanza kulia kwelikweli.

Tak naye alikuwa hajui habari hiyo. Nilimwona. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Kisha akaja mpaka nyuma nilikosimama, akaniinamia mbele ya watu wote, akasema hakutegemea nimwombe radhi hadharani namna ile, tena kwa maneno yake mwenyewe, ambayo nimejisumbua kuyaandika yasipotee. Nami nikainama. Ungefanya nini? Watu wakapiga makofi. Bi Guk alipiga makofi! Muuza mwani akasema siku zote alijua moyoni mimi si mtu mbaya, ni mdomo tu.

Tak amepewa kitambulisho. Kura zote.

Wakati wa kutoka akaniomba ile karatasi. Nikaichana, nikampa. Aliikunja mara nne na kuiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto, akaupigapiga kidogo kama mtu anayehakikisha.

Jumamosi, 19 Oktoba.

Asubuhi kulikuwa na mabakuli mawili mezani. Wali, supu ya chipukizi za soya, na yai juu ya wali wangu. Dada akasema nilisoma vizuri. Nikasema asante. Sikuona haja ya kumchosha kwa maelezo.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu na naona lilikwenda kama nilivyopanga. Nilisema nitalimaliza, nimelimaliza. Ningekwenda kuomba radhi Jumatatu, kama alivyotaka dada, je, Bi Maeng angesimama? Tak angejua habari ya dagaa? Hapana. Ilihitaji mtu wa mikakati. Nashangaa hakuna aliyelitaja hilo.

Jioni Tak akasimama kibandani na watu kumi na watano. Wote walinunua, na sita wakarudia. Dada alicheka na mwanamke mmoja wa Ulsan mpaka akaunguza chapati, jambo ambalo sijaliona tangu shemeji afe. Unga ukaisha. Usiku tumekula wali na samaki.

Wakati tunaosha vyombo dada akasema kigoda changu nimerudishiwa, kwa sharti moja. Wageni wa Tak wakiwa pale, nisifungue mdomo. Hata kidogo. Hata nikiona nyumba inaungua nimwambie yeye kwanza. Nikacheka. Nikamwambia kunyamaza ni kazi rahisi kuliko zote duniani. Nikampa neno langu.

Jumapili, 20 Oktoba. Anga safi.

Saa moja kasorobo Tak akafika na watu ishirini. Kitambulisho kinameta kifuani. Mimi kwenye kigoda changu, midomo nimeibana, watu wananitazama kwa heshima. Akawasimulia habari za mkewe, na supu, na dagaa, akawaonyesha dada yangu. Wengine walifuta macho. Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri mno.

Kisha akasema Sun-im anakaanga hotteok hapa kwa miaka thelathini na mmoja.

Ni thelathini na miwili.

Neno langu kwa dada ni neno langu. Sikufungua mdomo. Nilinyoosha mkono tu.